Kulisafisha kava la zamani la DVD na kulipa vipimo sahihi: hatua kwa hatua

Katika studio za video na maduka ya stesheneri ya Mtwara, Masasi, Newala na Lindi, kazi ya kava la DVD mara nyingi haianzi na ukurasa mtupu. Mteja huja na kava lililochapwa miaka iliyopita, limepauka na lina mkunjo uliopita katikati ya uso wa bibi harusi, au huja na picha ndogo iliyozunguka kwenye simu za ndugu mpaka ikapoteza ubora wake, kisha anaomba nakala mpya kabla ya mwisho wa wiki, namba ya simu ya studio ya zamani iondolewe na jina lirekebishwe. Kwaya inayotaka kutoa tena albamu yake, kikundi cha ngoma kinachotaka kuuza nakala wakati watu wameshalipwa fedha za korosho, familia inayotaka kuhifadhi harusi ya wazazi: wote huleta kazi ya namna moja, yaani kulifanyia usafi kava lililopo na kulilinganisha na kasha litakamoingia.

Maelezo haya yanafuata programu ya GIMP, ambayo hailipiwi na hufanya kazi hata kwenye kompyuta ya kawaida, lakini mwenye Photoshop anaweza kuyafuata pia, kwa kuwa zana ni zilezile na tofauti kubwa ni mahali zilipowekwa na vitufe vya kuziita. Jambo la kushika tangu mwanzo ni mpangilio wa kazi: vipimo vya kasha hutangulia, usafi wa picha hufuata, maandishi huandikwa upya, na kunoa picha huwa kwa mwisho kabisa. Fundi mwenye mkono mzuri wa brashi anayeanza na uso na kukumbuka vipimo baadaye hujikuta akiifanya kazi ileile mara mbili.

Pima kasha kwanza

Kasha la kawaida la DVD hupokea karatasi yenye upana wa milimita 273 na kimo cha milimita 183. Ukiitazama karatasi hiyo ikiwa imekunjuliwa, upande wa kushoto ni nyuma ya kava, wenye upana wa milimita 129.5, katikati ni mgongo wa milimita 14, na kulia ni mbele, milimita 129.5 nyingine. Hata hivyo, makasha yanayouzwa madukani hayatoki kiwanda kimoja, na yako membamba ambayo mgongo wake ni milimita 7 tu. Kwa hiyo chukua kasha lenyewe ambalo mteja atalitumia, pima kwa rula ya chuma mfuko wa plastiki unaopokea karatasi, na uandike vipimo kabla ya kufungua programu yoyote. Mgongo ukikosewa hata kwa milimita mbili, jina la kazi hupanda kwenye ukingo na kosa huonekana kasha likiwa bado liko kwenye rafu.

Baada ya hapo geuza milimita kuwa pikseli, yaani zile nukta ndogo za rangi zinazounda picha. Uchapaji mzuri wa kitu kinachoshikwa mkononi huhitaji pikseli 300 kwa kila inchi, na inchi moja ni milimita 25.4. Gawanya milimita kwa 25.4, kisha zidisha kwa 300: upana wa 273 unakuwa pikseli 3,224, na kimo cha 183 kinakuwa 2,161. Ongeza milimita 3 kila upande kwa ajili ya kukata, ili wembe ukiyumba kidogo usiache mstari mweupe pembeni. Ukubwa wa kazi sasa ni milimita 279 kwa 189, sawa na pikseli 3,295 kwa 2,232. Eneo hilo linaingia kwenye karatasi ya A4 iliyolazwa, ambayo ni milimita 297 kwa 210, na bado unabaki ukingo ambao printa nyingi za dukani zinauhitaji ili kuishika karatasi.

Wanaoanza husumbuliwa sana na jambo moja hapa. Picha iliyomo ndani ya kompyuta haina sentimita. Ina pikseli tu. Ile namba ya pikseli kwa inchi ni maelekezo kwa printa kuhusu jinsi ya kuzisambaza pikseli hizo kwenye karatasi. Ukiwa na kava lenye upana wa pikseli 800 na ukalichapa kwa upana wa milimita 273, kila inchi itapata pikseli 74 tu, hata kama kwenye kisanduku cha programu umeandika 300. Kubadili namba hiyo peke yake hakuongezi chochote kwenye picha.

Tengeneza ukurasa wa kazi

Fungua faili jipya kwa Ctrl+N, chagua milimita kuwa kipimo, andika 279 na 189, kisha fungua sehemu iliyoandikwa “Advanced Options” na uhakikishe kwamba msongamano ni pikseli 300 kwa inchi katika pande zote mbili. Ukishafungua ukurasa huo, weka mistari ya mwongozo kupitia menyu ya “Image”, sehemu ya “Guides”. Mistari ya wima iwe kwenye pikseli 35, 1,565, 1,730 na 3,260. Ya mlalo iwe kwenye 35 na 2,197. Mistari miwili ya katikati ndiyo mipaka ya mgongo, na ile ya pembeni inaonyesha wembe utakapopita.

Hifadhi faili mara moja kwa Ctrl+S, likiwa bado tupu. GIMP haihifadhi kazi yenyewe, na mtu anayefanya kazi kwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba anajua umeme wetu usivyotoa taarifa kabla ya kukatika. Zoea kubonyeza vitufe hivyo viwili kila unapomaliza hatua.

Tafuta chanzo bora kuliko ulicholetewa

Kabla ya kuanza kusafisha, muulize mteja kama ipo picha halisi iliyotumiwa kutengeneza kava. Swali hili huokoa saa nyingi. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa. Mwombe aliyenayo aitume tena kama dokyumenti, au ailete kwenye flashi. Picha ya simu yenye upana wa pikseli 1,200 na kimo cha 1,600, ikijazwa upande wa mbele wa kava, hutoa pikseli 222 kwa inchi kwenye kimo cha milimita 183, na hiyo inakubalika kwa picha ya watu ingawa si kwa maandishi madogo.

Wapo wanaopendekeza kusimamisha video na kunasa fremu, yaani picha moja ya video. Ushauri huo unategemea video ilirekodiwaje. Fremu ya DVD ya mfumo wa PAL, ambao ndio unaotumika kwetu, ina pikseli 720 kwa 576. Kwa pikseli 300 kwa inchi, upana huo unatosha milimita 61 tu, yaani picha ndogo ya nyuma ya kava, wala si ya mbele. Ikiwa mpigaji bado ana rekodi ya awali yenye pikseli 1,920 kwa 1,080, kimo chake kikinyooshwa kujaza kava kinatoa 150 kwa inchi, ambayo ni ya kulazimisha lakini inaweza kuvumilika iwapo hakuna kingine.

Kama kilichopo ni kava la karatasi peke yake, liskani. Unyevu wa pwani huifanya karatasi ya kung’aa igandane na plastiki, hasa ikiwa wino ni wa printa ya maji, na mtu akiivuta kwa nguvu rangi ya uso hubaki kwenye plastiki. Usiivute. Kata plastiki kwa wembe kuzunguka kasha, kisha uilaze karatasi pamoja na plastiki yake kwenye kioo cha skana, baada ya kukifuta kwa kitambaa kikavu. Skani kwa 600 kwa inchi badala ya 300. Utapata faili la pikseli zipatazo 6,449 kwa 4,323, ambalo ni zito lakini lina kazi yake. Kava lililochapwa kiwandani limeundwa kwa vidoti vidogo vya rangi, na vidoti hivyo vikikutana na mistari ya skana hutokeza mawimbi kwenye sehemu zilizopaswa kuwa laini, kama vile anga au shavu. Ukiwa na faili kubwa, tumia “Gaussian Blur”, kichujio cha kutia ukungu, kwa kiasi kidogo cha pikseli 1.5 hadi 2, kisha utakapolipunguza faili kuwa nusu, vidoti vitakuwa vimeyeyuka na sura itabaki.

Neno moja kuhusu picha ya mbele. Kwa DVD za sherehe za unyago na jando, picha inayofaa kavani ni ya siku ya mwali kutoka, akiwa amevalishwa na kusherehekewa hadharani. Yanayofanyika ndani yabaki ndani, na hata hiyo ya hadharani iwekwe kwa ruhusa ya wazazi wake. Mteja akisisitiza vinginevyo, kataa kazi.

Kusafisha

Ingiza picha kwenye ukurasa wa kazi kwa Ctrl+Alt+O ili iwe leya, yaani tabaka la picha, inayojitegemea. Inyooshe kwa zana ya kuzungusha, Shift+R, ukitumia mstari wowote ulionyooka ndani ya kava kama kipimo. Kisha rudufu leya hiyo kwa Shift+Ctrl+D, uifiche ya chini, na ufanye kila kitu kwenye ya juu. Ukiharibu, ya asili ipo.

Anza na mikunjo na mikwaruzo. Zana ya kuponya, inayoitwa kwa kitufe cha H, huchukua umbile la mahali safi na kulichanganya na rangi ya mahali penye kasoro. Shikilia Ctrl, bonyeza mahali safi palipo karibu, achia, kisha pitisha brashi juu ya mkunjo kwa vipande vifupi, si kwa mfuto mmoja mrefu. Brashi iwe pana kidogo kuliko mkunjo wenyewe. Mabano ya mraba kwenye kibodi huipunguza na kuiongeza. Chukua chanzo kipya kila baada ya sentimita moja au mbili, la sivyo jicho litaanza kuona kiraka kimoja kikijirudia.

Zana hii ina mahali isipofaa, nayo ni karibu na ukingo wenye rangi mbili zinazopingana sana. Mkunjo ukikatiza herufi nyeupe juu ya mandhari nyeusi, zana ya kuponya itavuta weupe ndani ya weusi na kuacha ukungu. Hapo tumia zana ya kunakili, kitufe cha C, ambayo huhamisha pikseli kama zilivyo bila kuchanganya. Namba ya simu ya zamani huondolewa kwa njia zote mbili: nakili kwanza mandhari juu ya tarakimu, kisha ponya juu ya ulichonakili ili kulainisha maungio. Ikiwa mandhari ni ya rangi moja tupu, usihangaike na brashi. Chora mstatili wa rangi hiyohiyo juu yake na umalize.

Rangi ndiyo inayotaka jicho la mtu wa huku. Harusi nyingi hufanyika chini ya turubai la bluu, na jua la saa saba likipita kwenye turubai hilo, kila kilichomo hugeuka: kanzu ya bwana harusi inaingia ubuluu, gauni la bibi harusi linafanana na lililofuliwa kwa buluu nyingi, na mashavu yake yanakuwa ya kijivu kana kwamba anaumwa. Kuongeza mwanga hakutibu jambo hilo. Fungua “Levels” kwenye menyu ya rangi, chukua kidonezi (alama ya kuchukulia rangi) cha kati katika vile vitatu, yaani kile cha kijivu, na ukibonyeze kwenye sehemu ya kanzu iliyo kivulini. Kwa kufanya hivyo unaiambia programu kwamba mahali pale hapana rangi, nayo itapunguza ubuluu katika picha nzima. Ukiona umekwenda mbali na watu wameanza kuwa wa manjano, jaribu sehemu nyingine ya kanzu, kwa maana ile ya kwanza pengine ilikuwa imepata rangi ya kanga ya aliyesimama jirani.

Ikiwa nyuma ya watu inaonekana bahari isiyo chini ya turubai, mathalani harusi iliyofanyika ufukweni Mikindani, marekebisho hayo yatalichafua pia lile eneo lililokuwa sahihi. Zungushia watu na turubai kwa zana ya kuchagua kwa mkono, kitufe cha F, lainisha ukingo wa uchaguzi kwa pikseli 30 hivi, na ndipo ufungue “Levels”.

Katika nyuso, ondoa mng’ao wa jasho kwenye paji na pua kwa zana ya kuponya, ukiwa kwenye leya mpya uliyoirudufu kutoka ile uliyokwisha kuisafisha, kisha punguza uzito (“Opacity”) wa leya hiyo mpya mpaka asilimia 50 au 60 ili ngozi isigeuke plastiki. Chunusi ya siku ile inaweza kuondoka. Kovu, chale na nembo za uso za wazee wa Kimakonde ni sehemu ya mtu na zibaki. Vivyo hivyo kwa rangi ya ngozi. Desturi ya kumng’arisha bibi harusi mpaka akawa mweupe kuliko mikono yake mwenyewe imeenea, na mimi siifanyi hata nikiombwa, kwa sababu mbali ya yote, printa za kawaida huchapa weupe huo kama unga.

Kubadili ukubwa

Menyu ya “Image” ina “Scale Image”, na menyu ya “Layer” ina “Scale Layer”. Ya kwanza hubadili faili zima, pamoja na ukurasa uliokwisha kuupima. Ya pili hubadili leya uliyoichagua tu. Kwa kazi hii tumia ya pili, au zana yake ya Shift+S. Hakikisha alama ya mnyororo kati ya upana na kimo imefungwa, ndipo uandike namba moja na kuiacha programu ikokotoe nyingine.

Picha isipojaa eneo lake baada ya hapo, usiufungue mnyororo na kuivuta upande mmoja. Nyuso hupanuka, na mwenye picha hulitambua hilo kabla yako. Ikuze mpaka ijae upande uliopungua na uache kinachozidi kikatwe, au ongeza mandhari: nakili kipande cha anga, mchanga au ukuta na ukirefushe. Kilichokuwa pembeni kabisa, kama kiwiko cha mtu au nusu ya nazi, kifute badala ya kukirefusha.

Kuhusu kukuza, kuna kikomo. Lile kava la pikseli 800 lina pikseli zipatazo 380 tu katika upande wake wa mbele, na hata kwa kiwango cha chini cha 200 kwa inchi hizo zinatosha upana wa milimita 48. Ukilazimisha milimita 129.5, utapata ukungu ambao hakuna kichujio kitakachouondoa. Kilicho bora ni kubadili usanifu: weka picha ndogo ndani ya fremu, izungushie rangi tupu iliyochukuliwa kwenye nguo au mandhari ya picha hiyohiyo, na jina la kazi liwe kubwa. Kava la namna hiyo linaonekana limekusudiwa.

Maandishi

Futa maandishi yote ya zamani na uyaandike upya kwa zana ya T, hata kama unaona yanasomeka. Herufi zilizoskaniwa huwa na kingo za kuchakaa, na zikikaa karibu na namba mpya iliyo kali, kiraka hujitangaza. Kila neno likae upande wa ndani, angalau milimita 5 mbali na mstari wa kukatia. Kwenye mgongo maandishi yasomeke kutoka juu kwenda chini, ili kasha likilazwa mezani uso juu yasomeke sawasawa, na kimo cha herufi kisizidi milimita 9 au 10 kati ya zile 14, maana karatasi hukunjwa kwa mkono na mkono hauko sawa kila mara. Ikiwa kazi ni filamu itakayouzwa kwa umma, acha nafasi tulivu pembeni kwa ajili ya daraja ambalo filamu hupangiwa na Bodi ya Filamu Tanzania.

Kunoa, kuchapa na kutunza

Hifadhi faili la kazi kwa muundo wa XCF, ambao ni wa GIMP yenyewe, likiwa na leya zake zote. Tengeneza nakala, unganisha leya kwenye nakala hiyo, na sasa tu ndipo utumie kichujio cha kunoa, “Unsharp Mask”, ukianza na nusu kipenyo cha pikseli 1 na kiasi cha 0.5. Itazame kwa ukubwa halisi kwa kubonyeza kitufe cha 1; ukiona mstari mweupe umezunguka mabega ya watu, umezidisha. Toa faili la kuchapa kwa Shift+Ctrl+E, la PDF au PNG.

Chapa kwanza kwenye karatasi ya kawaida, nyeusi na nyeupe, ukiwa umeizuia printa isijipangie ukubwa: chagua asilimia 100 na ukatae chaguo la kujaza ukurasa. Pima kwa rula upana wa eneo lote lililochapwa. Ikisoma 279, kata zile milimita 3 za kila upande ili ibaki 273, kunja, na uingize kwenye kasha. Mgongo ukikaa mahali pake, chapa ya rangi kwenye karatasi ya kung’aa ya gramu 120 hadi 150. Iliyo nzito zaidi hugoma kukunjika. Bluu kali ya bahari na kijani cha mikorosho vitapoa kidogo kuliko vilivyokuwa kwenye skrini, jambo ambalo mteja aambiwe kabla ya kulipa.

Lipe faili jina lenye vipimo vyake, kwa mfano kava-harusi-273x183-mgongo14, na utunze nakala moja kwako na moja kwenye flashi ya mteja. Akirudi na makasha membamba ya mgongo wa milimita 7, huna haja ya kuanza upya: punguza upana wa ukurasa kutoka pikseli 3,295 hadi 3,213, uhamishe mstari wa mwongozo wa 1,730 uwe 1,648 na ule wa 3,260 uwe 3,178, kisha usogeze leya za upande wa mbele kushoto kwa pikseli 82. Maandishi ya mgongo ndiyo pekee yatakayohitaji kuandikwa tena, kwa herufi zisizozidi milimita 4.